Waulizeni Kwanza Saa Zao

Chuo kikitaka kufungua tawi jipya, swali linalokuja mdomoni upesi ni hili: "Mngependa tufundishe nini?" Ndilo linalokaa juu kabisa ya dodoso huku Iowa ninakoishi, na ndilo linaloulizwa kwenye mkutano wa kijiji kwetu, pwani ya kusini mwa Tanzania, kati ya Rufiji na Mtwara. Nimelisikia pande zote mbili, na majibu yake nayajua kabla hayajatolewa. Huku watu watataja uuguzi, kompyuta na udereva wa malori makubwa. Kwetu watataja udereva, umeme na ushonaji. Hawadanganyi. Mtu akiulizwa ghafla angependa kusoma nini, hutaja kazi aliyoona ikimweka jirani yake vizuri, na kazi za namna hiyo hazizidi vidole vya mkono mmoja.

Ninachoamini ni kwamba swali la kozi lisubiri. Mwulize mtu kwanza siku yake inakwendaje. Anatoka nyumbani saa ngapi, anarudi saa ngapi, mtoto anamwachia nani, hela inaingia mwezi gani, basi au bodaboda ya mwisho inapita lini. Majibu ya hayo ndiyo yanayoamua kama madarasa yatajaa, hata pale kozi zilipochaguliwa kwa busara kubwa.

Kwa walioko nyumbani niseme kidogo chuo cha jamii cha Marekani ni nini, maana kinabeba kazi ambazo kwetu zimegawanywa kati ya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), vyuo vya maendeleo ya wananchi, vyuo vya kati na hata miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu. Kikongwe kati ya vile vya umma vinavyoendelea hadi leo kipo Joliet, Illinois, na kilianza 1901. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilitaka vyuo vya aina hii vienee nchi nzima, karibu na makazi ya watu na kwa gharama ndogo, na sasa viko takriban elfu moja. Wanafunzi wake, kama wawili katika kila watatu, wanasoma nusu muda. Wengi wao ni watu wazima wenye kazi na familia, wanaokwenda darasani kati ya zamu moja na nyingine. Humo ndimo wahamiaji tunamopitia. Ukikutana na nesi Mkenya au fundi wa viyoyozi Mtanzania katika miji ya huku, mwulize alianzia wapi, mara nyingi atakutajia chuo cha jamii.

Hapa Iowa mfumo huo uliwekwa na sheria ya 1965. Viko vyuo 15, kila kimoja na eneo lake, na bodi zake huchaguliwa kwa kura na wakazi wa eneo hilo. Sehemu ya fedha hutoka kwenye kodi ya ardhi na majengo. Chuo kikitaka kukopa kwa hati fungani ili kijenge, lazima kiende kwa wapiga kura, na hawatoshi nusu na mmoja: inatakiwa asilimia 60 waseme ndiyo. Mkulima wa mahindi ambaye hajawahi kukanyaga chuoni ana uwezo wa kuzuia jengo. Kwa hiyo chuo kinauliza. Kinauliza mapema, kinauliza tena, kinaita watu ukumbini na kuwapa kahawa. Na tangu wanafunzi walipofikia kilele kote Marekani mwaka 2010, idadi yao katika vyuo hivi ilishuka mno kwa zaidi ya miaka 10, jambo lililowaongezea wakuu wa vyuo hamu ya kujua wanafunzi wamekwenda wapi.

Tena sheria inawabana. Sheria ya shirikisho ya mafunzo ya ufundi, ile inayojulikana kwa jina la Perkins, ilipofanyiwa marekebisho 2018 ilitaka kila anayepokea fedha zake afanye tathmini ya mahitaji ya eneo lake na kuipitia upya angalau kila baada ya miaka miwili. Inataja hata wa kushauriana nao: walimu, waajiri, wazazi, wanafunzi, watu wenye ulemavu, vijana walio nje ya shule, wasio na makazi, na mataifa ya wenyeji wa asili pale walipo. Niliposoma orodha ile mara ya kwanza nilifurahi kwa dhati. Kuna mtu alikaa akafikiria ni nani huwa anasahauliwa, kisha akamwandika kwenye sheria.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Chuo kimoja katika jimbo letu kilikuwa kinafikiria kuhamishia tawi upande wa mji ambako Wakongo na Warundi wengi wamepanga nyumba. Walitafuta watu wanaojua Kiswahili wa kusaidia kukusanya maoni, nikajiunga. Dodoso lilikuwa la kwenye simu: unaskani picha ya mraba iliyobandikwa ukutani, maswali yanafunguka, ukimaliza unaingizwa kwenye droo ya kadi ya zawadi. Lilikuwa limepangwa kwa ustadi, halichoshi, na lilitafsiriwa vizuri. Picha zilibandikwa maktaba, kwenye korido za chuo na kwenye ofisi za huduma za wakimbizi. Majibu yakaja, na karibu yote yalitoka kwa watu ambao tayari ni wanafunzi wa chuo kilekile.

Hapo tukaambiwa tuwafuate watu waliko: duka la vyakula vya Kiafrika linalouza fufu na dagaa wa Tanganyika, ukumbi wa kufulia nguo kwa mashine, kanisa baada ya ibada. Kwenye ukumbi wa kufulia nilimkuta mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyewahi kuishi miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma. Anafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya pili, kuanzia saa tisa alasiri mpaka kupita saa sita usiku. Mumewe yuko kiwanda hichohicho zamu ya kwanza. Mtoto wao mdogo bado hajaanza shule, kwa hiyo wazazi hukutana kwenye maegesho ya kiwanda: mama anashuka, baba anapanda, mtoto anabaki kwenye kiti chake nyuma, ufunguo unabadilisha mkono.

Tulijaza fomu pamoja kwenye simu yangu. Kulikuwa na swali la saa za kazi, akagusa "saa 40 au zaidi kwa wiki." Ukurasa ukaruka wenyewe hadi sehemu iliyoandaliwa kwa ajili ya wafanyakazi: je, ungependa masomo ya jioni, ya Jumamosi, au ya mtandaoni? Akanitazama. "Mangaribi miye niko ku kazi, dada. Asubui njo nina nafasi." Jioni yupo kazini, asubuhi ndipo ana nafasi. Nilitafuta mahali pa kuandika asubuhi, sikupaona. Asubuhi ilikuwepo kwenye fomu, lakini katika kurasa za wanafunzi wa muda wote, ambazo mtu wa saa 40 hafikishwi. Aliyelipanga dodoso lile alikuwa na nia njema kabisa. Alichukulia kwamba mtu mwenye ajira hufanya kazi mchana na kusoma jioni, kwa kuwa ndivyo maisha yake mwenyewe na ya wenzake wa ofisini yalivyo. Kwenye mji wenye kiwanda cha nyama, kinachokata nyama usiku na mchana, mamia ya watu wako huru saa nne asubuhi na hawapo saa moja jioni.

Na kozi je? Nilimwuliza mwishoni. Alitaka Kiingereza cha kazini, cha kumwezesha kusoma maelekezo ya mashine na kuzungumza na msimamizi bila kumwita mtoto wa mtu atafsiri. Kisha uuguzi, akasema, Mungu akipenda. Jibu hilo lingepatikana kwa dodoso lolote. Jambo la asubuhi halikuwa na kisanduku, na ndilo lingeamua kama atakuja. Niliandika pembeni kwenye daftari, na wenzangu nao wakarudi na daftari zenye maneno ya namna hiyohiyo: asubuhi, mahali pa kuacha mtoto, basi lisilofika. Chuo kiliyasikiliza, na hilo nawapongeza. Rasimu ya ratiba ikaongezwa madarasa ya asubuhi ya Kiingereza. La malezi ya watoto bado wanajadili, kwa sababu linataka watumishi, leseni na fedha za kila mwaka.

Nikaanza kuyaangalia madodoso mengine ya huku kwa jicho hilo. Liko moja kubwa la vyuo vya jamii linaloendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Texas pale Austin tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, la kupima jinsi wanafunzi wanavyoshiriki masomo. Limefanya kazi kubwa. Lakini kwa desturi lilikuwa likijazwa darasani, na darasani huwakuti walioacha masomo mwezi uliopita, wala wale ambao hawakuanza kabisa. Hao ndio wenye habari ambayo chuo hakina.

Dodoso lililonigusa zaidi ni lile la watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, waliothubutu kuwauliza wanafunzi kama wamekula. Mwaka 2019, zaidi ya theluthi moja ya waliojibu, wa vyuo vya miaka miwili na minne, walikuwa na mashaka ya chakula katika siku 30 zilizopita. Wapo waliokuwa wamelala kwenye magari. Kwa miaka mingi vyuo vilikuwa vinauliza wanafunzi kama wameridhika na maktaba na maegesho, na ni wachache waliofikiria kuuliza kuhusu mlo. Baada ya tafiti za namna hiyo, stoo za chakula zimekuwa jambo la kawaida vyuoni. Swali moja kuhusu maisha limebadilisha majengo.

Kwetu hatukosi vikao. Hilo ndilo wenzetu wa huku hawalijui, na mara nyingi hata sisi tulioondoka tunalisahau. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Hakuna kitu cha namna hiyo katika mtaa wangu wa hapa Iowa. Mfumo wa kupanga maendeleo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, una zana ambazo mtaalamu wa madodoso wa huku angezihusudu: wanakijiji wanachora ramani ya kijiji, wanapanga kalenda ya misimu, wanaainisha mwanamke anafanya nini na mwanamume anafanya nini kutwa nzima. Yaani zile saa ninazozililia hapa, tayari zimo kwenye utaratibu wetu. Zinakusanywa kwa ajili ya zahanati, visima na barabara. Zikifika habari za chuo, karatasi hizo hubaki kabatini na tunarudi kuuliza, "Mngependa tufundishe nini?"

Tena tulikwisha kuwa na chuo kilichozaliwa na swali la maisha. Mwaka 1975, serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa msaada wa Sweden, kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya nchi za Skandinavia. Leo viko zaidi ya 50, kuanzia Kisarawe na Ikwiriri mpaka Handeni na Tarime. Mpango wa mwanzo ulikuwa kijiji chenyewe kimchague mtu mzima wa kumpeleka, asomee jambo ambalo kijiji kinalihitaji, kisha arudi. Kuna udhaifu katika hilo, maana aliyechaguliwa na kijiji mara nyingi ni mtu wa karibu na wakubwa wa kijiji. Ila msingi wake ulikuwa sawa: mahitaji yanaanzia nyumbani kwa mwanafunzi. Na miaka ya karibuni vyuo hivyo vimepokea programu ya Elimu Haina Mwisho, inayosimamiwa na shirika la Karibu Tanzania, kwa ajili ya wasichana na wanawake walioachia shule njiani, wengi wao kwa sababu ya ujauzito. Humo mama anaweza kuja na mtoto wake, na kuna mahali pa kumlea wakati yeye yuko darasani. Jambo ambalo chuo cha mji wangu wa Iowa, pamoja na bajeti yake, bado kinalijadili.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, nayo haijalala. Inafanya tafiti za soko la ajira, inafuatilia wahitimu, na ule utaratibu wake wa urasimishaji ujuzi, wa kumpima fundi wa mtaani na kumpa cheti kwa anachokijua tayari, ni kitu ambacho ningependa kukiona kikienea zaidi huku nje. Fedha zake kwa sehemu hutoka kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayolipwa na waajiri, na waajiri wana viti kwenye bodi yake. Ni haki yao kusikilizwa. Shida ni pale mwajiri anapokuwa ndiye mwenye sauti peke yake, kwa sababu mwajiri hujibu kwa kutazama mipango yake, na mipango hubadilika.

Mtwara na Lindi tunalijua hilo. Gesi ilipogunduliwa kwenye maji ya kina kirefu kuanzia 2010, kila mkutano wa habari za ajira ulikuwa wa gesi. Chuo cha VETA Mtwara kiliingia kwenye mradi wa kuwanoa vijana kwa ajili ya sekta hiyo, pamoja na kampuni ya gesi ya BG na shirika la kujitolea la VSO. Vijana wakajifunza kuchomelea kwa viwango vya juu, wakajifunza na Kiingereza. Kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kilichopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, kimebaki kwenye mazungumzo mwaka baada ya mwaka. Aliyejua kuchomelea alipata pa kwenda, maana ufundi huo unahitajika popote penye chuma. Lakini pwani ile ile, muda wote huo, boti za wavuvi zilikuwa zinapelekewa mafundi kutoka mbali injini zikiharibika, na samaki walikuwa wanauzwa kwa bei ya kutupa kwa kukosa barafu. Fundi wa injini za boti na fundi wa majokofu hawakuwa na kampuni ya kuwasemea.

Likizo yangu ya karibuni niliketi kwenye mkutano mkuu wa kijiji chetu. Ajenda mojawapo ilikuwa maoni kuhusu chuo cha ufundi kinachotarajiwa wilayani, na mtaalamu kutoka halmashauri alikuja na daftari lake. Wazee walikuwa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, vijana nyuma kabisa, wamekaa juu ya pikipiki zao kama wanaotaka kuondoka. Waliosimama kusema walikuwa wanaume wa makamo. Mmoja alisema udereva, makofi. Mwingine umeme, makofi. Mama mmoja akasema vyerehani kwa ajili ya mabinti, makofi zaidi. Mtaalamu akaandika, akashukuru, akaondoka kabla gari halijazuiwa na tope. Muhtasari ukasomeka kwamba wananchi wameomba udereva, umeme na ushonaji.

Njiani kurudi nyumbani nilitembea na mama mdogo, ambaye analima mwani na kuwinda pweza. Nikamwuliza kama angependa kusoma chochote chuo kikija. Akasema angependa kujua kukausha na kufungasha mwani, na hesabu za kikundi, kwa sababu mhasibu wao hubadilishwa kila mara. "Lakini mwanangu, siku za bamvua watanipata wapi? Siku za bamvua hata harusi hatuweki asubuhi."

Waliokulia bara niwafafanulie. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya bahari hupwa mbali sana. Upande wetu wa pwani, kupwa huko kwa siku za bamvua huangukia saa nne asubuhi hivi. Hapo ndipo miamba ya pweza inapoachwa wazi na mashamba ya mwani yanapofikika kwa miguu. Siku kadhaa mfululizo, kijiji kizima cha wanawake kiko baharini tangu asubuhi mpaka maji yanapoanza kujaa. Kisha yanakuja maji mafu, bahari haipwi vya kutosha, na wanawake wako nchi kavu wakifunga mbegu kwenye kamba na kuanika. Mzunguko huo unarudi mara mbili kila mwezi, na hauna habari na Jumatatu wala Ijumaa.

Saa nne asubuhi: kwa mama wa Uvira hapa Iowa ndiyo saa pekee anayoweza kusoma, kwa mama mdogo wangu siku za bamvua ndiyo saa asiyoweza kabisa. Ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa nane, itamkosesha mama mdogo karibu nusu ya vipindi, na mwisho wa muhula ataandikwa mtoro. Ukipanga kozi ileile kwa makambi ya siku za maji mafu, mara mbili kwa mwezi, hakosi hata kipindi. Haihitaji fedha za ziada. Inahitaji mtu mwenye kalenda ya mwezi ukutani na nia ya kuitazama.

Ya hela ni hayohayo. Ada ya VETA kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kiwango ambacho Mmarekani akikisikia anadhani nimekosea sifuri. Familia ya korosho inaweza kuilipa yote kwa mkupuo, mradi ni Novemba au Desemba, minada ikishaanza na fedha zikishaingia benki. Idai hiyohiyo mwezi Aprili, mvua zikiwa zinanyesha na ghala la nyumbani limekwisha, utaambiwa kijana ameahirisha. Kila mtu kijijini anajua. Kalenda ya misimu iliyochorwa kwa ajili ya mpango wa maendeleo inaonyesha miezi hiyo wazi. Ni kiasi cha mhasibu wa chuo kuiomba.

Yapo ambayo kila upande ungejifunza kwa mwenzake. Fomu ya simu ya huku ina siri, na siri ina thamani kubwa. Binti wa miaka 19 hatasimama mbele ya baba yake na mjomba wake kusema anataka ufundi wa magari, au kwamba hataki bweni kwa sababu anaogopa. Akipewa karatasi na kalamu, au simu na dakika chache peke yake, ataandika. Mkutano wetu unamnyima nafasi hiyo. Majibu ya huku pia huchambuliwa kwa makundi, wanawake peke yao, vijana peke yao, kwa hiyo sauti ya wachache haimezwi na makofi.

Mkutano wa kijiji nao una kitu ambacho sijakiona Iowa. Una yatokanayo. Mtendaji hawezi kufungua ajenda mpya bila kusoma muhtasari wa kikao kilichopita na kueleza lililofanyika na lisilofanyika, na mzee yeyote anaweza kusimama akauliza, "Mlisema mtatuletea jibu, liko wapi?" Huku unajaza dodoso peke yako, unagusa kitufe cha kutuma, na ndiyo mwisho. Nilirudi kwenye ule ukumbi wa kufulia nguo, nikawakuta watu wanaokumbuka kuhojiwa na hawajui kilichofuata. Wengine walishahojiwa na shule, na hospitali, na mji, na chuo, na hakuna aliyerudi kuwaambia maneno yao yalifika wapi. Wakikataa fomu inayofuata sitawalaumu. Nimewaandikia wahusika wa chuo kupendekeza warudi palepale, kwa Kiswahili na Kirundi, waeleze walichosikia, walichokubali na walichoshindwa, na sababu ya kushindwa.

Nyumbani kuna jambo la haraka zaidi. Kikundi chetu cha WhatsApp cha wana wa kijiji tulio nje, kuanzia Muscat mpaka Minneapolis, kilikuwa kimeanza kuchanga ili kununua vyerehani vya kupeleka kwenye chuo hicho kitakapofunguliwa. Nilipinga, na wapo waliokasirika. Walisema mama alisimama mkutanoni akaomba vyerehani, sisi ni nani wa kubishana na wananchi. Nikawajibu kwamba siwapingi wananchi, nataka waulizwe vizuri. Tayari vijijini kwetu kuna mafundi cherehani wanaogombea sare zilezile za shule kila Januari. Mabinti 30 wakihitimu ushonaji kwa mara moja, watashonea nani?

Tumekubaliana hivi. Michango inabaki benki. Walimu wawili wa shule ya msingi, ambao wazazi wanawaamini, watazunguka vitongojini na karatasi fupi yenye maswali ya saa, ya watoto, ya nauli na ya miezi ya hela, na swali la kozi likiwa la mwisho. Wanawake watahojiwa na mwalimu wa kike, vijana watahojiwa huko huko kijiweni kwenye pikipiki zao, na wale walioanza chuo mahali pengine wakaacha watatafutwa mmoja mmoja, kwa kuwa wao wanajua kilichowashinda. Majumuisho yatasomwa kwenye mkutano mkuu unaofuata, mbele ya diwani, kisha yapelekwe halmashauri pamoja na muhtasari. Mwenyekiti wa kijiji ameridhia, kwa masharti mawili: walimu walipwe posho ya nauli, ambayo kikundi kimekubali kuitoa, na kazi ifanyike siku za maji mafu, maana bamvua ikiingia, anasema, watakuta milango imefungwa.